Maneno Yamo, Orodha Tupu

Mhariri aliponiomba niandike kisa cha kweli kilichonipata, nilitaka kuandika juu ya ziara yetu ya Fort Jesus. Kisha nikakumbuka kwamba kila mwaka lazima pawe na mtu anayeandika juu ya Fort Jesus, na walimu wameanza kuchoka. Basi leo nitawasimulia yaliyonikuta katika maabara ya kompyuta, siku mbili kabla ya Siku ya Kiswahili Duniani ya mwaka wa 2024. Wengi wenu mlikisikia kisa hiki nusunusu bwenini na mkakitia chumvi. Ati nililia. Sikulia. Macho yalikuwa yanawasha kwa kutazama kioo cha kompyuta muda mrefu.

Niwakumbushe kidogo. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka wa 2021, na tangu 2022 imekuwa ikiadhimishwa kila mwaka. Mwaka wa 2024 iliangukia Jumapili, na kwa bahati njema Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa siku yetu ya kutembelewa na wazazi. Mlezi wetu wa chama, mwalimu asiyependa kurudia jambo, alituambia waziwazi kwamba ngonjera na maigizo amekwisha kuyaona ya kutosha. Tumletee kitu ambacho mgeni akiondoka atakizungumzia njiani.

Kitu hicho alikuwa nacho mwenzangu wa dawati. Jina lake silitaji kwa kuwa ameniomba nisilitaje, na pia kwa kuwa shule nzima inamjua. Babu yake mzaa mama alikuwa baharia. Katika ujana wake alisafiri kwa jahazi kutoka Lamu hadi Mombasa na Zanzibar, mara nyingi wakiwa wamepakia boriti. Tangu tuingie Kidato cha Kwanza, kila likizo mwenzangu huyu hukaa na babu yake barazani, daftari pajani, akiandika kila neno la chombo na la bahari linalomtoka mzee. Omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma. Mkuku ni ule mti wa chini unaobeba chombo kizima. Foromali ni mti unaofungiwa tanga. Kufikia muhula wa pili wa Kidato cha Tatu maneno yalikuwa 286, yote kwa hati ya mkono, mengine yamelowa chai. Akayachapa yote katika maabara kwa vidole viwili, kila Jumatano na Ijumaa baada ya michezo, wakati sisi wengine tunaota jua uwanjani.

Mimi nami nikajitia ujuzi. Darasani tunafundishwa Visual Basic, lakini mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa ameniazima kitabu cha Java, nami nilikuwa nimekisoma hadi jalada likaanza kubanduka. Nikawaambia wanachama, "Niachieni mimi. Nitatengeneza programu ya simu. Mtu akiifungua ataona maneno yote yamepangwa kwa alfabeti, abofye neno apate maana." Wakapiga makofi. Makofi, jamani, ni kitu kibaya. Yakishapigwa huwezi kurudi nyuma.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Android Studio, ile programu ya kutengenezea programu nyingine, inataka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 angalau. Zetu zina 4. Ukibonyeza kitufe cha kuendesha unaweza kwenda msalani, ukarudi, ukapiga gumzo, na bado inazungusha kiduara chake. Ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta haikuwezekana kabisa, na simu za wanafunzi mnajua wenyewe haziruhusiwi. Kwa hivyo tulitumia simu ya mwalimu, imeunganishwa kwa waya wa USB. (Kwa wasiojua: simu ya Android haikubali kuwekewa programu kwa njia hiyo mpaka uingie kwenye mipangilio uibofye nambari ya toleo mara 7. Mara 7! Mwenzangu alisema ni kama kumbishia hodi mtu aliyelala.)

Ijumaa tarehe 5 Julai, wakati wa masomo ya jioni, wanachama wapatao kumi waliruhusiwa kuja maabara kuiona kazi. Nikabonyeza. Tukasubiri. Kwenye simu ikatokea picha ya jahazi niliyoichora mwenyewe, kisha utepe wa buluu ulioandikwa Msamiati wa Bahari, na chini ya utepe huo weupe. Weupe mtupu kama shuka la hospitali. Hapakuwa na neno hata moja.

Lau ingekufa na kutoa ujumbe wa kosa, ningejua la kufanya. Programu ikianguka hukuachia maandishi mekundu ya kukuonyesha ulikosea mstari wa ngapi. Hii haikuanguka. Ilisimama pale imetulia na kujipamba, ikitutazama kana kwamba hivyo ndivyo ilivyoagizwa.

"Maneno yako wapi?" akauliza msichana mmoja wa Kidato cha Pili.

"Yanakuja," nikasema.

Hayakuja. Nikaifunga programu, nikaifungua. Nikaizima simu, nikaiwasha. Mtu akacheka huko nyuma. Nikahisi masikio yananiwaka moto.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, na hapa sitajitetea. Wiki iliyotangulia stima ilikuwa imepotea ghafla mwenzangu akiwa katikati ya kuchapa, na kompyuta zote zikazimika. Nikalikumbuka hilo. Nikamgeukia mbele ya watu wote nikamwambia, "Wee, ulihifadhi kweli siku ile stima ilipopotea?"

"Nilihifadhi."

"Una hakika? Maana mimi naona hakuna kitu humu."

"Nilihifadhi, na kesho yake nikahakikisha."

"Basi maneno yameenda wapi? Yamepanda matatu?"

Wakacheka. Yeye hakunijibu. Alivuta kiti kwenye kompyuta ya jirani, akalifungua faili, akaliteremsha polepole kutoka juu hadi chini ili kila mtu aone. Maneno yote yalikuwemo, kuanzia amari hadi zama.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Basi umekosea alama. Faili kama hilo ukisahau mkato mmoja tu, au mabano, lote haliwezi kusomeka." Ni kweli kwamba faili la aina ile, JSON, halivumilii mkato uliosahauliwa. Lakini sikuwa nimechunguza chochote. Nilikuwa natafuta pa kuutua mzigo, basi. Wahenga hawakukosea waliposema nyani haoni kundule.

Mwenzangu aliinuka, akachukua daftari lake la babu, akatoka. Hakuubamiza mlango. Laiti angeubamiza.

Mwalimu wa kompyuta alifika dakika chache baadaye na chupa yake ya chai. Akawarudisha wengine madarasani, akakaa kando yangu, akauliza kuna nini. Nikaanza, "Mwalimu, nadhani data aliyochapa..." Akanikatiza.

"Sijauliza ni nani. Maneno yamefika wapi?"

"Hayajafika, mwalimu."

"Hayajafika kwenye kioo. Kabla ya kioo yanapita wapi na wapi? Huko kote umeyahesabu?"

Sikuwa nimeyahesabu popote. Akachomoa karatasi, tukachora njia. Maneno yanaanzia kwenye faili. Sehemu moja ya programu inalisoma hilo faili na kuyaweka maneno katika orodha ndani ya kumbukumbu ya simu. Orodha inakabidhiwa kitu kiitwacho adapta. Adapta inayapeleka kwa kitu kingine kiitwacho RecyclerView, na huyo ndiye anayeyapanga kwenye kioo. Mwalimu akaniambia niweke katika kila kituo mstari wa kuandika idadi kwenye Logcat, lile dirisha la Android Studio ambamo programu huandika mambo yake inapoendelea, kama kile kitabu cha mlinzi wetu wa langoni: fulani ameingia, saa fulani.

Tukaendesha. Dakika nne. Mstari nilioutafuta kwanza ulisema: nimesoma maneno 286.

Niliusoma mara tatu. Faili lilikuwa zima, hakuna mkato uliokosekana, na kazi ya mwenzangu ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Kitu kikanikwama kooni, nikajifanya nakohoa. (Ndipo ule uvumi wa kulia ulipoanzia, kwa kuwa kiranja wa zamu alikuwa akipita dirishani.)

Mstari mwingine ulisema: adapta, 0.

Hapa inabidi nieleze hii RecyclerView ni kitu gani, maana bila hivyo hamtanielewa. Ililetwa na Google mwaka wa 2014, wakati wa Android 5.0, kwa ajili ya kuonyesha orodha ndefu. Ujanja wake ni kwamba ukiwa na maneno 286, haitengenezi visanduku 286. Inatengeneza vile tu vinavyotosha kioo na vichache vya akiba, na unapoteremsha orodha, kisanduku kilichotoka kwa juu kinatiwa neno jipya na kurudishwa kwa chini. Ni kama sahani za bwalo letu. Sisi ni wengi kuliko sahani, kwa hivyo zamu ya kwanza ikimaliza, sahani zinaoshwa na zamu ya pili inapakuliwa. Adapta ndiye mpakuzi. Yeye ndiye anayejua sufuria iko wapi, na yeye ndiye anayeulizwa maswali. Swali la kwanza kabisa ni hili: "Kuna vya kupakua vingapi?" Akijibu kwamba hakuna, basi hasumbuliwi tena. Hakuna sahani inayotolewa wala mwiko unaoguswa. Na hilo halihesabiwi kuwa kosa, maana orodha inaweza kuwa tupu kwa haki kabisa. Ndiyo sababu programu yangu haikulalamika.

Swali hilo katika Java huitwa getItemCount. Android Studio, kwa nia njema, hukuandikia kiunzi cha sehemu zote ambazo adapta lazima iwe nazo, na mahali pa getItemCount hukuwekea jibu la muda: return 0. Wewe ndiwe wa kulibadilisha. Mimi nilizijaza zile sehemu mbili zenye kazi nyingi, nikajisifu, na hii fupi nikaipita kama mtu anavyoipita nguzo ya stima. Kumbe mpakuzi alikuwa ameagizwa na mimi mwenyewe ajibu "hakuna" hata sufuria zikifurika.

Nikabadilisha ili jibu liwe ukubwa wa orodha. "Mwalimu, nimepata!" nikasema. Akamimina chai wala hakusema kitu.

Dakika nyingine nne. Jahazi. Utepe wa buluu. Weupe.

Kengele ya kumaliza masomo ya jioni ikalia. Mwalimu akaenda kuniombea ruhusa kwa mwalimu wa zamu nibaki hadi saa nne na nusu, na matroni akaja kukaa nasi, akatoa kitambaa chake cha meza akawa anafuma. Niliposhika tena kibodi mwalimu aliniambia nisitazame tarakimu peke yake. Nitazame pia ipi imetangulia.

Kweli, mpangilio wenyewe ulikuwa umeniambia tangu mwanzo. Kwanza: adapta, 0. Halafu: nimesoma maneno 286. Mpakuzi aliulizwa kabla chakula hakijafika! Na mwenye kuleta hali hiyo alikuwa nani kama si mimi. Kitabu kilikuwa kimesema kazi nzito, kama kusoma faili, ifanywe pembeni ili kioo cha simu kisigande. Faili letu lilikuwa dogo na lingesomwa kufumba na kufumbua, lakini nilitaka nionekane najua. Basi nikalituma kusomwa pembeni, huku programu ikiendelea mbele. Ikamwajiri mpakuzi, ikamkabidhi sufuria tupu, ikamuuliza, naye akajibu sifuri. Maneno yalipofika baadaye, nani alimwambia mtu? RecyclerView haina tabia ya kuchungulia sufuria. Ni lazima ipigiwe kengele, na kengele yenyewe ni amri moja ndefu, notifyDataSetChanged. Nikaitia mara baada ya maneno kusomwa. Nikaendesha.

Weupe. Lakini sasa Logcat ilikuwa na mistari mitatu. Adapta, 0. Nimesoma maneno 286. Adapta, 0.

Ajabu ya Musa! Kengele imelia, mpakuzi ameamka, ameulizwa mara ya pili, chakula kimekwisha kufika, na bado anasema hakuna. Sijui niliitazama ile mistari mitatu kwa muda gani. Nilisikia sindano ya matroni na mbu. Nikaanza kuwaza mabaya: labda simu ni mbovu, labda kitabu kimekosea, labda nimwambie mlezi tusome ngonjera tu. Kisha nikaivuta ile karatasi tuliyochora njia, nikaweka kidole kwenye kituo cha orodha, nikauliza kwa sauti, "Mwalimu, je, ikiwa sufuria ni mbili?"

Mwalimu akaiweka kikombe chini. "Endelea," akasema.

Na zilikuwa mbili. Mwanzoni nilitengeneza orodha tupu, nikaiita orodha, nikamkabidhi adapta. Maneno yaliposomwa nikaandika orodha = mapya, nikidhani nimeijaza ile ya kwanza. Wapi! Katika Java mstari kama huo haumimini kitu. Unalibandua jina kutoka sufuria ya zamani na kulibandika kwenye sufuria mpya. Mpakuzi hakukabidhiwa jina. Alikabidhiwa sufuria yenyewe, ile ya alfajiri, na hapo ndipo alipokuwa amesimama na mwiko wake, akichungulia ndani kila alipoulizwa na kusema kweli tupu: hakuna. Upande wa pili wa jiko kulikuwa na sufuria iliyojaa, yenye jina lilelile, chakula kinapoa.

Kati ya makosa yangu ya usiku ule, hili pekee ndilo ninaloliheshimu. Lile la return 0 lilikuwa uzembe, na la kengele lilikuwa kutojua. Hili la sufuria mbili lilijificha nyuma ya jina. Mimi nikisoma msimbo wangu niliona orodha juu, orodha chini, nikaamini ni kitu kimoja. Ningeweza kuusoma mpaka asubuhi nisilione. Zile sifuri mbili za Logcat ndizo zilizonionyesha.

Tiba yake ilikuwa ya mistari miwili mitatu. Ile ile orodha ya zamani isafishwe kwanza, kisha imiminiwe maneno yote kwa addAll, ndipo kengele ilie. Nikaendesha, na mara hii sikwenda popote. Adapta, 0. Nimesoma maneno 286. Adapta, 286. Matroni akaacha kufuma.

Kwenye simu kulikuwa na neno. Moja. Amari, kwa juu kabisa, na chini yake weupe uleule.

Mwalimu akacheka, mara ya kwanza jioni hiyo. "Teremsha," akasema. Nikateremsha kwa kidole, na baada ya weupe mrefu likaja neno la pili, nalo limemiliki kioo kizima kama mfalme. Kumbe kila kisanduku nilikuwa nimekiandikia match_parent kwa upande wa kimo, yaani kiwe kirefu sawa na kile kinachokibeba. Nikaandika wrap_content, kiwe kirefu kadiri ya maneno yake tu. Hilo hata sikulionea haya. Saa nne na dakika ishirini usiku maneno ya babu yalijipanga yote kwenye kioo, nikateremsha hadi kwenye dau, demani, dira, yakipita chini ya kidole changu kama mawimbi.

Tangu siku hiyo nimekuwa daktari wa orodha tupu hapa shuleni, na nimeona maradhi mengine. Dada mmoja alisahau kumpa RecyclerView mpangaji wake, LayoutManager, na Logcat ilikuwa inampigia kelele hivyo hivyo bila yeye kuisoma. Mwingine aliandika herufi nyeupe juu ya kisanduku cheupe, orodha imejaa tele na hakuna anayeiona. Mwingine alitaka kuchukua data kutoka intaneti bila kuiombea programu ruhusa ya intaneti, na alipoipata akatumia anwani ya http badala ya https, ambayo simu za kuanzia Android 9 ya mwaka wa 2018 huikataa usipoziruhusu mwenyewe. Kwa wote dawa yangu ya kwanza ni moja: umehesabu?

Lakini nirudi usiku ule. Niliporudi bwenini taa zilikuwa zimezimwa. Kitanda cha mwenzangu kiko juu ya changu. Nikamwita kwa kunong'ona. Kimya. Najua alikuwa macho kwa sababu akilala hukoroma. (Hili ameniruhusu niliandike.)

Jumamosi asubuhi nilimkuta kwenye mifereji akifua sare. Nilikuwa nimetunga maombi marefu ya msamaha, yenye methali mbili na tashbihi, kama ya insha. Nilipomfikia yote yakayeyuka.

"Yalikuwemo yote 286," nikasema. "Makosa yalikuwa yangu. Manne."

"Nilijua yamo," akasema bila kuacha kufua.

"Nisamehe."

"Ulinisema mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Basi kasemee huko huko."

Sikutarajia hilo, na nawaambia kweli, ningeona afadhali anipige kwa ile sare iliyolowa. Lakini alasiri, wanachama walipokutana kufanya mazoezi ya mwisho, niliomba nafasi nikasimama mbele. Wale kumi wote walikuwepo. Nikasema nilimsingizia, kwamba faili lake halikuwa na kosa hata moja, kisha nikachukua chaki nikawachorea mpakuzi na sufuria zake mbili, na nikawaeleza makosa yangu moja baada ya jingine. Sauti ilitetemeka mwanzoni. Kufikia sufuria ya pili ilikuwa imetulia, hata nikaanza kufurahia. Yule msichana wa Kidato cha Pili akauliza sufuria ya zamani ikishaachwa inaoshwa na nani. Nikamwambia ikiwa hakuna tena aliyeishika, Java huiokota yenyewe. Akasema ingekuwa vizuri bwalo letu nalo liandikwe kwa Java.

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, amekunja mikono. Nilipomaliza alikuja mbele, akachukua kitambaa, akafuta neno moja nililoandika ubaoni, akaliandika upya kwa tahajia sahihi. Kisha akaniuliza kama nimeshakula. Nikajua yamekwisha.

Jumapili babu yake akafika, kanzu nyeupe na kofia, amesindikizwa na mama yake mwenzangu. Alikuwa ameshika bakora lakini sikumwona akiiegemea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu wangu. Niambieni, hayo maneno yangu mmeyatia wapi?"

Mwalimu akampa simu. Mzee akaishika mbali na macho, tukamwongezea ukubwa wa herufi, akaanza kuteremsha kwa kidole gumba, akisoma kila neno kwa sauti kama mwalimu aitaye majina ya darasa. Watu wakajaa. Mlezi wetu wa chama alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu, na msitucheke, tulikuwa hatujawahi kumwona akitabasamu. Mzee akafika kwenye demani, akabofya, akasoma maana, akanyamaza.

"Majira ya upepo, sawa. Na kamba je?"

"Kamba gani, babu?" akauliza mwenzangu.

"Demani ni kamba ya tanga pia. Nilikwambia."

Mwenzangu akafunua daftari, akatafuta, na naam, ilikuwemo pembeni mwa ukurasa, nusu yake imelowa chai. Hakuwa ameichapa. Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Yote kwa jumla mangapi humu?" akauliza mzee.

"Mia mbili themanini na sita, babu."

"Niliyokupa ni zaidi."

"Yale mengine ni ya mabaharia wakiwa wamekasirika, babu," akasema mwenzangu kwa sauti ya chini. "Na mlezi wetu yuko hapa nyuma yako."

Mzee akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanzu, kisha akairudia simu akaendelea kuteremsha. Mwenzangu alikuwa ameshatoa kalamu.